Mkataba Ukishasainiwa Nairobi: Mwongozo kwa Watu wa Lamu

Mkataba wa nchi na nchi hauji Lamu kwa jina lake. Huja kama sharti jipya la leseni ya uvuvi, kama mstari uliohama kwenye ramani ya bahari juu ya Kiunga, au kama eneo ambalo nahodha anaambiwa asipite tena. Ukimuuliza afisa sababu, jibu ni kwamba serikali ilikubaliana na watu fulani huko. Wakati huo wino umekwisha kukauka zamani.

Je, serikali ina haki ya kusaini bila wananchi kujua? Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba mazungumzo yanaweza kuwa ya faragha kwa muda, lakini matokeo yake hayawezi. Anayekwenda kununua jahazi hatangazi sokoni bei yake ya mwisho, na mjumbe wa Kenya naye haimlazimu kusema mapema atakubali nini. Ila jahazi likinunuliwa kwa pesa za ukoo mzima, ukoo una haki ya kuona hati kabla malipo hayajakamilika. Tena Ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010 inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya, yaani uliokubaliwa rasmi baada ya sahihi, ni sehemu ya sheria za Kenya. Kwa hiyo mkataba wa siri ni sheria ya siri, na hakuna mtu anayepaswa kutii sheria ambayo hakuruhusiwa kuisoma.

Pwani hii inajua hasara yake. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana sahihi mjini Berlin: Ujerumani ikaachia himaya yake ya Witu, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland kilicho Ulaya. Watu wa Witu hawakuwa upande wowote wa karatasi ile. Septemba Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na Oktoba kikosi cha Waingereza kikauteketeza mji.

Leo kuna nafasi ambayo Witu haikuwa nayo. Kati ya siku ya sahihi na siku ya kuridhiwa pana mwanya, na sheria inataka wananchi wasikilizwe humo. Mwanya huo ni mfupi, na ukifunga, kazi inakuwa ngumu mara kumi.

Kwanza, jua mkataba umefika wapi

Watu wengi hupoteza nguvu kwa kupigania hatua iliyokwisha kupita. Nchini Kenya njia imewekwa na Sheria ya Kutengeneza na Kuridhia Mikataba, nambari 45 ya 2012. Wizara husika huomba idhini ya Baraza la Mawaziri ili kuanza mazungumzo. Mazungumzo yakiisha, mkataba husainiwa. Baada ya hapo waziri, akishauriana na Mwanasheria Mkuu, huupeleka tena kwa Baraza la Mawaziri pamoja na waraka wa maelezo. Baraza likikubali, mkataba na waraka huo hupelekwa kwa Spika wa Bunge la Kitaifa, naye huukabidhi kwa kamati inayohusika. Kamati hiyo, kwa mujibu wa kifungu cha 8, lazima ihakikishe wananchi wameshirikishwa. Bunge likiridhia, hati ya kuridhia huandaliwa na Wizara ya Mambo ya Nje na kupelekwa kwa upande wa pili au kwa anayetunza mkataba.

Sahihi ya picha mnayoiona kwenye taarifa ya habari, mawaziri wakipeana mikono mbele ya bendera, kwa kawaida haijaifunga Kenya kikamilifu. Inaifunga tu isifanye jambo la kuuvunja msingi wa mkataba wakati kuridhia kunasubiriwa. Ndivyo unavyosema Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba katika ibara ya 18. Kwa hiyo siku ya picha ndiyo siku ya kuanza kazi. Andika tarehe yake, jina kamili la mkataba, na wizara iliyosaini.

Kuna namna moja ya hatari ambapo hakuna mwanya kabisa: mkataba unaosema ndani yake kwamba unaanza kufanya kazi pale pale unaposainiwa. Lamu ina mfano wake. Tarehe 7 Aprili 2009 Kenya na Somalia zilisaini hati ya makubaliano kuhusu maombi yao ya sakafu ya bahari mbele ya Umoja wa Mataifa. Hati ile ilieleza kwamba inaanza kutumika kwa sahihi. Agosti mwaka huo bunge la Somalia likaikataa. Shauri la mpaka wa bahari lilipofika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Somalia ilidai hati haina nguvu kwa kuwa bunge lake halikuridhia. Februari 2017 Mahakama ikasema ni mkataba halali na ulianza kutumika siku ile ile ya sahihi. Hata hivyo hati hiyo haikuizuia kesi yenyewe kuendelea, na hukumu ya mpaka ikatoka tarehe 12 Oktoba 2021. Wavuvi wa Kiunga na Kiwayu wanaujua mpaka huo kuliko mwanasheria yeyote. Lakini somo limebaki: jina la karatasi haliangaliwi. Ikiitwa hati ya makubaliano, itifaki, barua za kubadilishana au mkataba, kinachotazamwa ni kama nchi zimekusudia kufungana. Na bunge linalopiga kelele baada ya sahihi ya namna hiyo limechelewa.

Mlango wa kutokea ambao serikali huupenda

Sheria ya 2012 haigusi kila makubaliano. Inagusa mikataba yote ya nchi nyingi. Kwa mikataba ya nchi mbili, inagusa ile inayohusu usalama, mamlaka na mipaka ya Kenya, haki na wajibu wa raia, hadhi ya Kenya katika sheria za kimataifa, uhusiano na mashirika ya kimataifa, na mazingira na maliasili. Makubaliano ya nchi mbili yaliyo ya kiufundi, ya kiutawala, au ya kuendesha shughuli za kawaida za serikali yameachwa nje.

Hapo ndipo penye kazi. Ofisi isiyotaka maswali itasema makubaliano fulani ni ya kiufundi tu. Msibishane kuhusu neno hilo. Tafuteni ndani ya matini jambo moja linalogusa orodha ile: samaki, mikoko, ardhi, maji ya bahari, mtu kukamatwa, data za watu, wanajeshi wa kigeni. Mkilipata, nukuuni ibara yake na kifungu cha 3 cha Sheria, basi. Kama makubaliano ni ya kampuni kupewa haki ya kuchimba au kuvuna maliasili, hoja ni nyingine: Ibara ya 71 ya Katiba inataka Bunge liridhie, na kuna sheria ya 2016 inayoeleza ni miamala ya aina gani. Kuchanganya mambo haya mawili ni kosa la mara kwa mara, na huwapa watu wa wizara sababu ya kurudisha barua yenu.

Kupata nakala

Msianze na barua. Anzeni na kule ambako nakala huenda tayari imewekwa wazi.

Mlango wa kwanza ni Bunge. Tovuti ya Bunge huweka karatasi zilizowasilishwa, ratiba ya shughuli za kila siku, ripoti za kamati na Hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala. Matangazo ya kuita maoni hutoka kwenye tovuti hiyo na kwenye magazeti ya kila siku, kwa kawaida kwa Kiingereza. Mtu mmoja katika kikundi apewe kazi hii: kuangalia mara mbili kwa wiki, na Gazeti Rasmi la serikali kila Ijumaa. Kazi ya dakika ishirini. Kikundi kisichokuwa na mtu huyo hupata habari siku moja baada ya tarehe ya mwisho.

Mlango wa pili husahaulika, nao ndio mara nyingi hufunguka upesi: upande mwingine wa mkataba. Uingereza, kwa sheria yake ya 2010, huweka mikataba inayohitaji kuridhiwa mbele ya bunge lake kwa siku 21 za vikao, pamoja na maelezo yake. Umoja wa Ulaya huchapisha matini za mikataba yake ya biashara. Ule wa Kenya ulisainiwa Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Italia, kwa ibara ya 80 ya katiba yake, hupitisha sheria bungeni ili kuridhia mikataba mikubwa. Kwa mtu wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, anayetaka kujua kituo cha anga kilichoko kwao kinatumika kwa masharti gani chini ya mkataba uliosainiwa na Italia mwaka 2016, nyaraka za bunge la Roma ni pahala pa kutafuta sawasawa na Nairobi. Zimeandikwa Kiitaliano, lakini Malindi haikosi mtu wa kuzisoma.

Mlango wa tatu ni Umoja wa Mataifa. Ibara ya 102 ya Mkataba wake wa kuundwa inataka kila mkataba usajiliwe na uchapishwe, na usiosajiliwa hauwezi kutumiwa kama hoja mbele ya vyombo vya Umoja huo. Ile hati ya Kenya na Somalia ilisajiliwa Juni 2009. Hazina hiyo iko kwenye intaneti na haina malipo, ila mikataba mipya huchelewa kuingia.

Kama milango yote mitatu imefungwa, andikeni barua. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari, nambari 31 ya 2016, zinampa kila raia haki ya kuomba, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuomba hakuna ada. Mnaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu. Asiyeweza kuandika anaweza kuomba kwa mdomo na afisa akamwandikia. Barua iwe fupi hivi:

"Kwa Katibu, Idara ya Mambo ya Nje. Mimi ni raia wa Kenya, kitambulisho nambari ... Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba: moja, nakala ya makubaliano yaitwayo ... yaliyosainiwa tarehe ..., pamoja na viambatisho na barua zote zilizobadilishwa pamoja nayo; pili, waraka wa maelezo uliowasilishwa kwa Spika chini ya Sheria ya Mikataba ya 2012; tatu, tarehe mkataba ulipowasilishwa Bungeni au utakapowasilishwa. Iwapo kuna sehemu isiyoweza kutolewa, naomba zilizobaki, na sababu ya kisheria ya kila sehemu iliyozuiwa."

Kila neno hapo lina sababu. "Viambatisho na barua" kwa kuwa matini kuu mara nyingi ni maneno ya urafiki, na idadi ya meli, viwango vya ushuru au mipaka ya eneo vimewekwa nyuma. Neno "raia" na nambari ya kitambulisho kwa kuwa haki hii ni ya raia, na barua inayotoka kwa jina la chama peke yake inaweza kuzua ubishi usio na maana. Kipengele cha pili kinaomba kilichofika Bungeni, siyo kumbukumbu za kikao cha Baraza la Mawaziri. Ukiomba kumbukumbu hizo umewapa sababu rahisi ya kukataa ombi zima. Na usiandike "naomba kila kitu kuhusu mkataba". Ombi pana hujibiwa kwa ukimya.

Pelekeni nakala pia kwa wizara yenye mada yenyewe. Kama ni samaki, idara ya uvuvi. Kama ni biashara, idara ya biashara. Piga muhuri wa kupokelewa, au tuma kwa barua pepe na uhifadhi ile iliyotumwa.

Sasa hesabu siku. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikiwa habari iko ofisi nyingine, barua ihamishwe ndani ya siku 5. Inaweza kuongeza siku 14, mara moja tu, kwa sababu inayoeleweka. Muda ukipita kimya, sheria inauhesabu ukimya huo kuwa kukataliwa. Kuanzia hapo mna siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsmani. Malalamiko yanaweza kufa siku ya 31 kwa sababu tu hakuna aliyeyatia kwenye kalenda.

Barua hii ifanyeni hata kama mna hakika haitajibiwa. Wanaharakati wa Mombasa waliomba mikataba ya reli ya SGR mwezi Desemba 2019. Hawakupewa. Walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 2022 mahakama ikasema haki yao ya kupata habari imevunjwa na ikaamuru nyaraka zitolewe. Bila barua ile ya kwanza kusingekuwa na kesi.

Kuusoma

Anza mwisho. Ibara za mwisho ndizo zinazosema mkataba unaanza lini, kama unaweza kutumika kwa muda kabla haujaridhiwa, unadumu miaka mingapi, unajiongeza wenyewe au la, na nchi ikitaka kutoka itoe notisi ya miezi mingapi. Hapo ndipo utajua una wiki mbili au mwaka. Kisha soma viambatisho, halafu ibara ya maana za maneno. Neno "uvuvi" linaweza kufafanuliwa likaingiza hata uchakataji na uhamishaji wa samaki kutoka meli moja hadi nyingine baharini. Ibara ya kutatua migogoro nayo isomwe mara mbili: je, kesi itasikilizwa Kenya, au mbele ya wasuluhishi wa nje ambako mvuvi wa Kizingitini hana njia ya kufika? Utangulizi mzuri wa mkataba, wenye maneno ya undugu na maendeleo, soma ukipata nafasi.

Kwenye waraka wa maelezo, tafuteni sehemu nne: athari kwa kaunti, gharama kwa fedha za umma, maoni ya wananchi, na kama mkataba unaruhusu nchi kutangaza kwamba haitafungwa na ibara fulani. Sehemu ya kaunti ikiwa tupu au ina sentensi moja, hilo peke yake ni hoja ya kupeleka kwenye kamati.

Baraza, kisha waraka wa maoni

Kikao cha baraza kiwe baada ya alasiri, wakati walioko baharini wamerudi, na kisizidi saa mbili. Kabla yake watu watatu wawe wamesoma: anayemudu Kiingereza cha sheria, anayeijua kazi yenyewe (nahodha, mkulima wa nazi, mama anayeuza samaki), na wa kuandika. Msisome mkataba mzima mbele ya watu. Leteni ibara tano au sita zinazogusa Lamu, zikiwa zimetafsiriwa, na kwa kila moja muulize: hii ikitumika kesho, nani atazuiwa kufanya nini, wapi, msimu gani? Majibu ya namna hiyo ndiyo kamati haiwezi kuyapata Nairobi. Mwanasheria wa Bunge hajui kwamba katika kusi chombo kidogo hakiwezi kwenda mbali, kwa hiyo kufungiwa eneo la ndani ya mwamba miezi hiyo ni kufungiwa kazi kabisa. Waambieni.

Waraka wa maoni ukae kurasa mbili hadi nne. Andikeni jina la mkataba kama lilivyo kwenye tangazo, ninyi ni nani na mko wangapi, kisha ibara moja moja: nambari yake, inasema nini, itamgusa nani Lamu, mnataka Bunge lifanye nini. Hili la mwisho ndilo watu hukosea. Bunge haliwezi kubadilisha maneno ya mkataba uliokwisha kusainiwa. Linaweza kuridhia, kukataa, au kuridhia kwa kutangaza kutofungwa na ibara fulani pale ambapo mkataba unaruhusu. Ukiandika "ibara ya 9 irekebishwe", karani ataweka pembeni. Andika "Bunge likatae hadi ibara ya 9 ijadiliwe upya", au "Kenya itangaze haifungwi na ibara ya 9". Waraka huenda kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, S.L.P. 41842-00100 Nairobi, au kwa anwani iliyoko kwenye tangazo, na uombe nafasi ya kutoa maoni ana kwa ana au kwa njia ya mtandao. Ombeni pia kamati ije Lamu. Ikikataa, kukataa huko kuwe kwa maandishi.

Orodha ya mahudhurio inahitaji uangalifu. Sahihi yako kwenye mkutano wa utambulisho, ambao hakuna aliyekuwa na nakala mkononi, inaweza kuonyeshwa baadaye kama ushahidi kwamba ulishirikishwa. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira tarehe 26 Juni 2019, na kasoro kubwa ilikuwa hiyo hiyo: ushirikishwaji usio wa kweli. Kabla ya kusaini, andika kando ya jina lako, kwa kalamu hiyo hiyo: "sikupewa nakala" au "nakala imetolewa leo". Piga picha ya ukurasa.

Ikiwa Bunge limekwisha kuridhia

Bado kuna mambo mawili. Ombi rasmi kwa Bunge chini ya Ibara ya 119 ya Katiba linaweza kudai sheria ya utekelezaji irekebishwe. Taja kama suala liko mahakamani na kama mlikwisha kuieleza ofisi husika, maana ombi lisilosema hayo hurudishwa. Na mahakama: Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kufungua shauri la haki za msingi bila ada ya kufungua, kwa niaba yake au ya wengine, na kwa watu wa Lamu Mahakama Kuu ya Malindi haiko mbali kama Nairobi. Wakulima wadogo walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2007 kuhusu mazungumzo ya biashara na Ulaya. Mwaka 2013 mahakama ikaiamuru serikali iweke utaratibu wa kuwahusisha. Miaka sita, ndiyo. Walishinda hata hivyo wakati mazungumzo yakiendelea, na hiyo ndiyo faida ya kwenda mapema.

Mahakama haitaki hasira, inataka faili. Wekeni pamoja, kwa mpangilio wa tarehe: tangazo la Bunge, barua zenye muhuri, hesabu ya siku 21, malalamiko kwa Tume, waraka wa maoni, picha za orodha za mahudhurio, na kumbukumbu za baraza zenye majina ya waliosema. Nakala moja ikae Lamu, ya pili ikae kwa mtu mwingine mji mwingine, na zote zipigwe picha kwa simu, kwa sababu karatasi ya kisiwani huharibiwa na chumvi.